Kesi ya Mfalme Edipode

Msimu wa kilimo wa 1973/74 mvua ziliinyima Ugogo. Mtama ulichipua, ukafika magotini, ukakauka ukiwa umesimama. Shuleni kwetu, sekondari ya bweni ya wavulana nje ya mji wa Dodoma, tulikula ugali wa mahindi ya njano yaliyoagizwa nje ya nchi, na maji ya kuoga tulipimiwa kwa kopo. Kijiji jirani kilikuwa kimeanzishwa wakati wa Operesheni Dodoma ya 1971. Tembe zake zilikuwa bado mpya, ila vilindo vya nafaka vilikuwa vitupu. Redio ilituhimiza kila jioni kulima kwa bidii zaidi, nasi alfajiri tulibeba majembe kwenda shamba la shule, tukapalilia mistari ya mahindi yaliyokwisha kujikunja majani.

Katika msimu huo mwalimu wetu wa Kiswahili aliingia darasani na kitabu chembamba mkononi, akatutangazia kwamba Kidato cha Tatu tutacheza Mfalme Edipode.

Kilikuwa tafsiri ya Samuel Mushi, iliyochapishwa 1971, ya tamthilia ya Sophocles wa Athens. Miaka ile rafu ya tamthilia katika maktaba yetu ilikuwa ikinenepa. Mushi alikuwa ameshatafsiri Makbeth na Tufani za Shakespeare, Mwalimu Nyerere alikuwa ametupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na kando yao kilisimama Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kilichotoka 1969. Mwalimu wetu alikuwa amepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa 1967, na alikuja Ugogo akiamini kwamba hakuna tamthilia iliyo kubwa mno kwa bwalo la shule.

Tuliposoma kurasa za mwanzo tulielewa kwa nini amechagua hiyo. Mji wa Thebes unakufa. Mazao yanakauka shambani, mifugo inaanguka, watoto wanazaliwa wafu. Wazee na vijana wameketi mbele ya nyumba ya mfalme wakimwomba awaokoe kama alivyowaokoa zamani, alipofumbua kitendawili cha Sphinx, lile zimwi lililokuwa likiwaua watu waliokosa jibu. Mfalme ameshamtuma Creon, shemeji yake, akaulize kwa mungu Apollo huko Delphi. Jibu linakuja: kuna damu ndani ya mji. Mfalme Laius aliyetawala kabla ya Edipode aliuawa, na muuaji wake anaishi humu humu. Afukuzwe au auawe, ndipo nchi itapona. Wataalamu wengi wanaamini Sophocles aliiandika miaka michache tu baada ya tauni kuingia Athens mwaka 430 kabla ya Kristo, kwa hiyo watazamaji wake wa kwanza walikuwa watu waliotoka kuzika.

Wazee wa kijiji jirani hawakuhitaji maelezo ya ziada. Ugogoni mtemi ndiye aliyekuwa mwenye mawe ya mvua. Yeye aliishika nchi, na nchi ikiharibika macho yalimgeukia yeye kwanza. Utawala wa watemi ulifutwa kisheria 1963, lakini kila mwenye mvi pale alikuwa ameishi chini ya mtemi. Kwamba ukame unaweza kuwa na mzizi katika uovu ambao haujashughulikiwa, na kwamba anayetawala ndiye wa kuujibia, hilo walilijua kabla hatujapandisha pazia.

Tulifanya mazoezi muhula mzima, baada ya chakula cha jioni, bwaloni. Meza za kulia tuliziunganisha zikawa jukwaa, blanketi za bweni zikawa pazia, na taa zilikuwa karabai mbili za shule, moja kila upande. Jocasta, mke wa mfalme, alichezwa na mvulana wa sauti laini kutoka Kondoa. Baadhi yetu tuliona haya kwa niaba yake, mpaka mwalimu alipotuambia kwamba Athens nako wanawake wote jukwaani walichezwa na wanaume waliovaa vinyago.

Jambo la kwanza alilotufundisha mwalimu lilitushangaza. Alisema kabla ya onyesho atasimama na kuwasimulia watazamaji hadithi yote, mwanzo hadi mwisho. Atawaambia kwamba Laius alitabiriwa kuuawa na mwanawe mwenyewe, kwamba kitoto kilitobolewa vifundo vya miguu kikapewa mchungaji akakitupe mlimani, kwamba mchungaji alikihurumia, kikakulia Korintho kwa mfalme Polybus kikidhani ndiko kwao. Atawaambia kwamba kijana Edipode, baada ya kuambiwa Delphi kuwa atamuua baba yake na kumwoa mama yake, aliikimbia Korintho ili asiwadhuru aliodhani ni wazazi wake, na kwamba penye njia panda, barabara tatu zinapokutana, aligombana na mzee mmoja ndani ya gari la farasi akamuua pamoja na watu wake. Kisha akafika Thebes, akafumbua kitendawili, akapewa ufalme pamoja na mjane wa mfalme.

Tulipinga. Ukishamwambia mtu mwisho, atakaa kutazama nini? Mwalimu alijibu kwamba Waathene wote waliijua hadithi hii tangu utotoni, na Sophocles aliijenga tamthilia yake juu ya ujuzi huo. Mtazamaji anajua, mfalme hajui. Kila neno la mfalme linaingia masikioni mwa watu likiwa na maana mbili.

Usiku wa onyesho niliona kwa macho yangu alichokuwa akisema. Bwalo lilijaa hadi madirishani. Edipode alisimama katikati ya meza akatoa tangazo lake la laana: muuaji wa Laius asikaribishwe nyumbani kwa mtu, asisemeshwe, asipewe maji ya ibada, na akiwa ni mtu wa nyumba yangu mimi mwenyewe, nami nikijua, laana hii inishukie mimi. Kina mama waliokuwa wameketi chini mbele walianza kuguna. Mmoja akapiga kofi mapajani akasema kwa sauti, "Ole wake, anajilaani!" Mwenzetu jukwaani hakuyumba, akaendelea kutangaza kwa ushujaa. Kadiri alivyokuwa mwadilifu, ndivyo watu walivyozidi kumwonea uchungu. Kinaya hicho, ambacho darasani kilikuwa neno la mtihani, usiku ule kilikuwa kitu kilicholitikisa bwalo.

Korasi, yaani lile kundi la wazee wa mji, mwalimu aliwapa vijana wa Kigogo. Katika siku za Sophocles walikuwa watu kumi na watano, wakiimba na kucheza kuelekea upande mmoja kisha kurudi. Wetu walikuwa wachache zaidi, lakini waliimba kama Wagogo wanavyoimba, sauti juu ya sauti, na zeze likiwatangulia. Mwalimu aliwaonya wasijifanye mapambo. Ninyi ndio nchi, aliwaambia. Mfalme anapokosana na Tiresias, yule mpiga ramli kipofu anayemwambia usoni kwamba yeye ndiye muuaji, ninyi mnapasuka katikati. Hamwezi kumwita mwonaji mwongo, na hamwezi kumhukumu mfalme aliyewaokoa bila ushahidi. Wimbo wao pale ulikuwa wa watu wanaosubiri ushahidi. Hadi leo nikisikia zeze nauona msimamo huo wa wazee wasiokimbilia upande.

Kuna mbinu nyingine niliyoiona wiki baada ya wiki mazoezini, na kila mara niliishangaa upya. Aristotle anaandika kwamba Sophocles ndiye aliyeongeza mwigizaji wa tatu. Kabla yake jukwaani walizungumza wawili tu kwa wakati mmoja. Faida yake inaonekana pale mjumbe kutoka Korintho anapomweleza Edipode kwamba Polybus hakuwa baba yake: nilikupokea mimi mwenyewe mlimani, kutoka kwa mchungaji wa Laius, miguu yako ikiwa imetobolewa. Edipode anauliza, mjumbe anajibu, swali kwa jibu, haraka haraka. Na kando yao yuko Jocasta, kimya. Mwalimu alimwambia mwenzetu wa Kondoa asifanye lolote ila kusikiliza. Asishike kichwa wala asiugue, asikilize tu. Linapotajwa jina la Laius, aache kumtazama mjumbe, amtazame mumewe miguuni.

Hivyo alifanya. Wanaume wawili wanazungumza, na anayeelewa ni yule asiyezungumza. Anapofungua kinywa ni kumsihi mumewe aache kuuliza. Edipode anadhani mkewe anaogopa kuonekana ameolewa na mtoto wa mtumwa. Jocasta anaingia ndani, na hatumwoni tena.

Mimi nilikuwa yule mchungaji. Ndiye aliyekabidhiwa kitoto, na ndiye pekee aliyenusurika penye njia panda siku Laius alipouawa. Shahidi mmoja, mambo mawili. Naingia tamthilia ikikaribia mwisho, mzee mwenye fimbo, na kazi yangu yote ni kukataa kusema.

Sehemu hiyo tuliirudia kuliko nyingine yoyote. Mjumbe wa Korintho, mzee mchangamfu anayedhani ameleta habari njema, ananikumbusha mtoto niliyempa. Namwambia anyamaze. Mfalme anashtuka: kwa nini anyamaze? Anaamuru mikono yangu isokotwe nyuma. Vijana wawili walioigiza askari walinishika kwelikweli, maana mwalimu hakutaka maumivu ya kubuni. Kuanzia hapo mistari inafupika. Mtoto alitoka wapi? Kwa mtu. Mtu gani? Usiniulize tena, bwana wangu. Nyumba gani? Ya Laius. Mtumwa, au wa damu yake? Kadiri ukweli unavyokaribia, ndivyo maneno yanavyopungua, mpaka mfalme na shahidi wanagawana mstari mmoja. Na swali la mwisho: ikiwa uliambiwa umuue, kwa nini ulimpa mzee huyu? Nilimhurumia, bwana.

Katika Athens ya wakati wa Sophocles ushahidi wa mtumwa, kama mchungaji huyu, ulikubaliwa mahakamani ikiwa tu umetolewa chini ya mateso. Watazamaji wa Sophocles huenda hawakuona ajabu mikono ya mzee kusokotwa. Wetu waliona. Sauti ya mwanamke ilitoka gizani, "Mwacheni mzee wa watu!" Mkono wa kijana aliyenishika ukalegea kidogo, nikaona aibu iliyompita usoni. Tamthilia hiyo inasifiwa kwa ajili ya haki inayotafutwa hadi ikapatikana, na ndani yake haki hiyo inapita juu ya mwili wa mtu mnyonge ambaye kosa lake ni huruma. Sophocles hakulificha hilo. Aliliweka mbele kabisa ya jukwaa.

Mazoezini mwenzetu mmoja aliyekuwa hodari wa hesabu aliinua mkono. "Mwalimu, mbona hajamuuliza lile la majambazi?" Tulirudi nyuma kusoma. Alikuwa sahihi. Mchungaji anaitwa kwa sababu maalumu: inasemwa kwamba alipotoka njia panda alieleza kuwa Laius aliuawa na majambazi, wengi. Edipode analishikilia hilo kama tumaini lake la mwisho, kwa kuwa yeye alikuwa peke yake, na mtu mmoja hawezi kuwa wengi. Shahidi aletwe aseme: mmoja, au wengi? Lakini shahidi anapofika, mjumbe wa Korintho ameshafungua habari ya mtoto, na mfalme anauliza ya mtoto tu. La mauaji haliulizwi kabisa. Mfalme anajitia hatiani kwa kumbukumbu yake mwenyewe, yaani mahali palepale, gari lile, umbo la mzee yule, na kwa utabiri uliokuwa ukimfuata tangu Delphi.

Mwalimu alituachia bweni zima tugombane. Upande mmoja ulisema kesi imeharibika, kwa kuwa shahidi wa pekee hakuhojiwa juu ya shtaka lenyewe. Wa pili ukasema hapakuwa na haja, kwa kuwa mungu alikuwa ameshasema. Mimi niliyekuwa nikisokotwa mikono kila usiku niliona kitu kingine. Hapo ndipo haki ya visasili na haki ya binadamu zinapoachana njia. Ya visasili hutimia kwa sababu ilishatamkwa kabla mtu hajazaliwa. Ya binadamu haina njia nyingine isipokuwa kuuliza, na swali likirukwa hakuna mungu wa kulijazia.

Yanayofuata hayaonyeshwi. Jocasta anajinyonga ndani, na Edipode anachomoa vibanio vya vazi la mkewe na kujichoma macho. Tuliwaka hamu ya kuliigiza tendo hilo. Mwalimu alikataa katakata: Wagiriki damu waliiacha nyuma ya mlango, wakamtuma mtu atoke kuisimulia, kwa sababu anayesikia hulazimika kuona kwa akili yake mwenyewe. Mtumishi wetu alisimulia karabai zikivuma, na bwalo halikutoa hata kikohozi. Kisha pazia la blanketi likafunguka, Edipode akatoka akipapasa, mashavu yakiwa yamepakwa ngeu iliyokorogwa na mafuta. Anaomba afukuzwe nchini mara moja, kama alivyotangaza mwenyewe. Creon, ambaye sasa ana madaraka, anakataa kuamua kwa haraka: kwanza mungu aulizwe tena. Jambo hilo dogo hupita wasomaji wengi, lakini lina uzito. Mtawala mpya anaanza kazi kwa kutofuata hasira ya siku.

Kesho yake, Jumapili, wazee walimwita mwalimu pamoja na sisi waigizaji chini ya mbuyu wa kijiji. "Mbukwa," wakatusalimu, tukaitikia, tukaketi chini. Walitaka kuizungumza kesi. Mzee wa kwanza alisema kijana yule hana kosa la kuua: alipigwa kwanza barabarani, na mwanamume akipigwa njiani hujibu, tena hakujua ni baba yake. Wa pili alisema ardhi haiulizi ulijua au hukujua. Damu ya baba ikimwagika, ni lazima pawe na kutakaswa, hata kama aliyeimwaga hastahili fimbo. Walijibizana kwa upole muda mrefu, kila mmoja akirudia kwanza hoja ya mwenzake kabla ya kuipinga.

Ndipo bibi mmoja, aliyekuwa ameketi pembeni akichambua mlenda, akauliza, "Na waliokitoboa kitoto miguu, nani aliwahukumu?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Laius alikufa bila kuulizwa. Jocasta alijiuliza mwenyewe akajihukumu mwenyewe. Bibi akanigeukia. "Wewe mjukuu wangu, mchungaji, hukukosa. Mtoto halaumiwi, na aliyemwokoa halaumiwi." Nilikuwa na miaka kumi na saba, na maneno hayo yalinigusa kana kwamba kweli nilimbeba mtoto yule.

Baadaye, nikisomea sheria, niligundua kwamba mabishano ya chini ya mbuyu yalikuwa ya Athens pia. Tangu sheria za Draco, karne ya saba kabla ya Kristo, Waathene walitofautisha aliyeua kwa kukusudia na aliyeua pasipo kukusudia. Baraza la Areopago lilisikiliza kesi za kukusudia, mahakama ya Palladion zisizokusudiwa, na ya Delphinion zile ambazo mshtakiwa alidai aliua kwa haki. Hata hivyo waliamini pia kwamba damu huchafua nchi. Sophocles mwenyewe hakumalizana na suala hilo. Uzeeni aliandika tamthilia nyingine, Edipode akiwa Kolono, iliyochezwa 401 kabla ya Kristo, yeye akiwa ameshafariki. Humo kipofu mzee anasimama na kujitetea: nilishambuliwa, sikujua, mbele ya sheria mimi ni safi. Aliyeandika kesi ya kwanza ndiye aliyeandika rufaa.

Nilifanya kazi ya hakimu wa mahakama ya mwanzo. Katika mahakama hizo wakati wangu hakimu aliketi na wazee washauri, na kila nilipowageukia kuwauliza maoni yao niliwakumbuka wale waimbaji wa zeze waliokataa kuchagua upande kabla ya ushahidi. Nilipoona askari amemshika shahidi mkono kwa nguvu nilimwamuru amwachie kabla sijauliza lolote. Na kabla ya kumruhusu shahidi aondoke nilipitia shtaka mstari kwa mstari, nikiangalia kama lipo jambo ambalo yeye peke yake alilijua na hakuna aliyemuuliza. Mara nyingi lilikuwepo. Mkulima aliyeitwa kueleza mpaka wa shamba alikuwa pia ameuona ugomvi, na wote walikuwa wamemhoji mpaka tu.

Lakini fundisho kubwa la bwalo lile ni juu ya wenye madaraka. Watu watatu walimsihi Edipode aache kuuliza: Tiresias, Jocasta, na mchungaji. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alimpa nafasi ya kubaki mfalme. Angeweza kusema uchunguzi umefungwa, na hakuna mtu Thebes ambaye angemlazimisha kuufungua. Alikuwa ametunga amri kabla ya kumjua atakayeangukiwa nayo, na alipomjua hakuibadilisha hata neno. Wazee wa Ugogo walitofautiana juu ya hatia yake, lakini juu ya hilo walikubaliana wote: mtemi wa namna hiyo ameishika nchi. Nami nakubaliana nao. Amri ya mkubwa inapimwa siku inapoelekea kumgusa mwenyewe, na nchi ambayo wakubwa wake hawajawahi kuifikia siku hiyo, na wakaivuka kama Edipode, haijaanza kuwa na sheria.